Waliochelewa Kututukana

Mimi si mvuvi, na sikuwahi kujifanya mvuvi kabla ya Jumamosi ile. Nauza vipuri vya magari Kampemba, hapa Lubumbashi, na katika kazi hiyo simwogopi mtu. Nisikilizishe injini kwa simu tu, nitakwambia kinachoiuma. Lakini samaki nilimjua akiwa sahanini, na hata huko nilimwachia mke wangu, Christiane, anitolee miba.

Christiane alikuwa mtu wa Pweto, kule ziwani. Kila mwaka shule zilipokaribia kufungwa alimchukua binti yetu, Plamedie, wakaenda kuvua kwenye bwawa moja nje ya jiji, upande wa barabara ya Kasenga. Walikwenda wawili tu. Mimi sikualikwa. Walirudi jioni wananuka matope, wanacheka mambo ambayo sikuelezwa, nami nilijifanya sijali.

Mwaka jana Christiane alifariki. Ugonjwa wake sitausimulia. Nitasema tu kwamba tangu mazishi Plamedie hakucheka tena. Alikula, alisoma, alifua sare yake, alinijibu kila nilipomwita. Kucheka, hapana. Ana miaka kumi na miwili, na nyumba yetu ilikuwa na adabu kama ofisi ya padri.

Sasa shida yenyewe. Kwetu Waluba wa Kasai mtoto ni wa baba, maneno yameisha. Kwao Christiane mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba huyu anaitwa Mwaba, anauza samaki wakavu, na ni mtu mwema, jambo lililonikera zaidi, maana mtu mbaya ningemfukuza. Alinipigia simu, akasema kwa upole kwamba angefika Lubumbashi Jumapili, na kwamba Plamedie angeweza kurudi naye Pweto, akae na mama zake wadogo na kusoma huko.

"Lakini siwezi kumubeba na nguvu, shemeji," alisema. "Umuulize mutoto. Akisema anabakia, anabakia. Akisema anaenda, unamuachilia."

Nikasema nitamwuliza. Wiki nzima nikamwuliza kama amekula, kama ana kalamu, kama hasikii baridi usiku. Nilimwambia tu kwamba mjomba anakuja Jumapili; lile moja sikumwuliza, kwa sababu niliogopa jibu. Ndiyo, mimi Ruphin, ninayebishana na matajiri wa mtaa wa Golf wanaokuja dukani na madereva wao, niliogopa mtoto wa kike anayevaa viatu vidogo kuliko kiganja changu.

Basi Ijumaa, tukiwa mezani, nikamwambia, "Kesho tunaenda kuvua."

Akaweka kijiko chini. "Papa, unajua kuvua?"

"Ni kitu gani ya kujua pale? Samaki iko mu maji, unaitosha inje."

Akakishika kijiko tena. "Sawa. Nitamuvulia mujomba samaki moya ya muzuri."

Neno hilo halikunitoka. Mtoto anayemtafutia mjomba zawadi amekwisha kufunga sanduku moyoni. Jioni ile ile nikaenda mjini kabla maduka hayajafungwa, nikanunua fimbo ya kisasa, ile yenye gurudumu la kukunjia uzi. Kama angenikataa, basi asinikatae kwa sababu ya vifaa.

Yeye alibeba mwanzi wa mama yake, na uzi uliofungwa kwa fundo ambalo Christiane alilifunga mwenyewe.

Bwawani tulikuta watu wawili ambao hatukuwajua. Mmoja alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi wake na ndoo kati ya miguu. Mwingine alikuwa mama wa makamo mwenye mabega mapana, akipuliza moto chini ya chanja cha kukaushia samaki. Tulisalimiana vizuri. Mwanamume akasema anaitwa Dédé, na yule mama ni dada yake mkubwa, Albertine. Yeye anavua, dada anakausha na kuuza.

Nikaanza kazi. Mara ya kwanza nilivua matete. Mara ya pili nilivua tawi. Mara ya tatu ndoano ilirudi nyuma kwa kasi, ikashika koti langu kwenye bega, na nilipovuta ili nijinasue, koti likapasuka mpaka kwapani. Plamedie alitazama pembeni kwa heshima. Heshima ile iliniuma kuliko ndoano.

Dédé akaja taratibu. Hakucheka. Alinasua ndoano kwa vidole viwili, kisha akamwambia Plamedie, "Kuya huku, mama. Pale unakaa hakuna kitu. Samaki banapenda hapa, pembeni ya matete." Akahamisha ndoo yake mwenyewe kumpisha, akampa minyoo aliyoichimba alfajiri. Mama Albertine naye akatuletea viazi vitamu vilivyochomwa majivuni, akatuwekea kwenye jani. Nikasema moyoni, watu kama hawa bado wapo, na pengine siku hii itaniendea sawa.

Nilikuwa natafuta maneno ya kuanzia swali langu wakati mwanzi wa Plamedie ulipopinda. Mtoto hakupiga kelele. Alirudi nyuma polepole, akainamisha mwanzi ubavuni, akamchosha samaki kwanza, kisha akamwinua juu ya nyasi. Alikuwa mpende, samaki mpana mwenye tumbo jekundu, mkubwa hata Dédé akasimama kumtazama. Plamedie akamtia kwenye beseni letu la maji na kumfunika kwa majani. Alitabasamu midomo imefungwa.

"Ya mujomba," akasema.

Swali likarudi lilikotoka.

Mama Albertine alikuwa ameona yote. "Weye mutoto," akasema, "nani alikufundisha kuvuta vile?"

"Mama."

"Mama ni wa wapi?"

"Wa Pweto."

"Ukoo gani?"

"Ukoo wa Samaki," akajibu Plamedie.

Hapo uso wa yule mama ukabadilika. Akaweka chini kuni alizoshika, akajifuta mikono kwenye kitenge chake, akamwita mdogo wake bila kutuondolea macho.

"Dédé, kuya usikie. Tangu asubui tunaulizana hapa kunanuka kitu gani. Mi nilisema ni bitunga byetu. Kumbe njo huyu."

Dédé akaja, akavuta hewa puani kama mtu anayeonja supu. "Iko vile. Ni samaki. Na imeoza tangu zamani."

"Angalia macho yake. Haifungake. Batu ba mu maji habanaka haya. Na bibi yake alikuwa vile vile, kichwa mukubwa, akili hakuna."

Nilidhani sikusikia vizuri. Watu hawa walikuwa wametulisha viazi muda mfupi uliopita. Nikatazama kama wamelewa. Hawakuwa wamelewa.

Nieleze kitu kimoja ili mnielewe. Mimi nimezaliwa Lubumbashi, lakini ni mtoto wa Kasai. Mwaka wa tisini na mbili, watu wa Kasai walipofukuzwa huku, baba yangu alikaa kwenye kituo cha treni na masanduku yake, akingoja gari moshi la kumtoa katika jiji alilolijenga kwa mikono yake, na alizoea kutuambia kwamba mambo yale yalianza kwa maneno ya mzaha. Kwa hiyo mzaha wa mtu nisiyemjua, juu ya ukoo wa mtu, siupokei kwa kicheko. Damu inanipanda haraka, na pale ilikuwa tayari shingoni.

"Mama yako iko wapi?" Albertine akamwuliza mtoto. "Akuje hapa, nimuambie vile alizaa mubaya."

"Alikufaka," akasema Plamedie.

"Minajua," akasema yule mwanamke. "Ni siye tulimukulaka."

Nilisimama. Fimbo ya kisasa ilitoka mikononi mwangu, ikaingia majini, na wala sikugeuka kuitazama. "Mama," nikasema, "urudishe ile neno. Uirudishe sasa, mbele ya mutoto." Ningempiga Dédé kwanza, halafu ningeona nitafanya nini na dada yake.

Hakuna aliyenijali. Wote watatu walikuwa wanatazamana, na hapo nikasikia sauti ambayo sikuitambua mara moja, kwa sababu ilikuwa imepotea nyumbani kwangu mwaka mzima. Plamedie alikuwa anacheka. Alicheka kwa kinywa wazi, mkono tumboni.

"Mulimukula," akasema, "lakini mwiba yake ilibakia mu koo yenu. Njo maana kaka Dédé iko mwembamba vile, hawezi kumeza. Na weye mama, njo maana unasema sauti ya chura."

Albertine akapiga makofi ya furaha. "Unasikia vile inajibu?"

"Papa, ikala," Plamedie akaniambia, akinivuta nikae, bado akihema. "Habatutukane mubaya. Beko ukoo wa Mamba. Ni banungwe bangu."

"Banungwe ni nani?"

Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mamba anakula samaki. Kwa hiyo watu wa ukoo wa Mamba wana haki ya kuwatukana watu wa ukoo wa Samaki, na wa Samaki wana haki ya kuwarudishia, na haifai mtu kukasirika. Hata mkikutana leo kwa mara ya kwanza, ni hivyo hivyo. Na siku ya shida, mtani huyo ndiye wa kwanza kufika. Akifa mtu wa Samaki, wa Mamba ndio wanaochimba kaburi, wanapika, wanamsema marehemu vibaya mpaka waliofiwa wacheke.

"Mama alinifundishaka yote hapa," akasema. "Njo tulikuwa tunachekaka." Kisha akaangalia beseni lake. "Ku kilio ya mama, hakuna mutu alinitukana."

Kilio kile nilikiandaa mimi, na nilikiandaa vizuri. Palikuwa na hema jeupe, kwaya ya parokia, fulana zenye picha ya Christiane, mabasi ya kwenda makaburini. Ndugu zake wa Pweto walichelewa njiani, wakafika tumekwisha kuzika. Nilidhani hakuna kilichopungua.

Mama Albertine akamkaribia mtoto. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hakuitumia kabla wala baada ya hapo, "Basi ni siye tulichelewa, mama. Utusamehe. Ile kilio tutaimaliza leo."

Akakoleza moto. Akatoa unga wake, akasonga bukari, ugali wetu, akatia samaki wake mwenyewe chunguni, na hakuniruhusu hata kuokota kuni, kwa maana wafiwa hawafanyi kazi. Huku dada yake anapika, Dédé akamsimulia Plamedie jinsi walivyomnasa Christiane, mwanamke ambaye hajawahi kumwona. Alisema alikuwa samaki mkaidi, aliyegoma kuingia wavuni mpaka kwanza aahidiwe kitenge kipya. Alisema alipofika tumboni mwa mamba aliagiza watu wafagie. Mimi nilimjua Christiane, na naapa ndivyo angefanya.

Plamedie alicheka mpaka akalala kwenye nyasi. Kisha kicheko kikageuka, akaanza kulia, kilio kikubwa cha mtoto mdogo, kile ambacho hakukilia chini ya hema langu jeupe. Albertine akaacha mwiko, akaja kumkumbatia kifuani. Hakumwambia anyamaze. Alimtingisha polepole akimwambia sikioni kwamba ananuka, kwamba ukoo wao wote unanuka, kwamba alie tu, maji ya samaki hayaishi.

Na mimi nilikaa pembeni na koti langu lililopasuka. Niliona wivu, sifichi. Watu hawa walikuwa wamemjua mwanangu tangu asubuhi tu, nao walimpa kitu ambacho mimi nilishindwa kumpa mwaka mzima. Nikawaza, huko Pweto ndivyo atakavyokuwa, katikati ya watu wanaojua kumchekesha na kumliza. Mimi nina nini cha kumpa? Nikaamua tukishakula nimwulize. Na akisema anakwenda, nimfungie sanduku mwenyewe, tena vizuri.

Tukala. Nikanawa mikono, nikakohoa, nikafungua kinywa. Kabla neno halijatoka, nikahisi kamba kwenye vifundo vya mikono yangu. Dédé alikuwa nyuma yangu na kamba ya mtumbwi, ananifunga kwa utaratibu wa mtu anayejua mafundo.

"Huyu njo baba?" akamwuliza Plamedie.

"Ndiyo."

"Alioa samaki, alizaa samaki, bila kutuomba siye benye samaki. Tunamukamata."

"Tutamubeba ku nyumba," akasema dada yake, akinikagua kama mbuzi sokoni. "Mukono iko na nguvu. Atakuwa anatuchotea maji. Ao weye, mutoto, utamukomboa?"

"Na kitu gani?"

"Uko na kitu gani?"

Plamedie akageukia beseni. Ndani yake mlikuwa na kitu kimoja tu, na kilikuwa bado kinapiga mkia chini ya majani.

"Plamedie, uache," nikasema. "Ile ni ya mujomba." Nilisema kweli kabisa. Mtoto alikuwa amemvua samaki yule kwa mwanzi wa mama yake, kwa ajili ya kaka wa mama yake, na sikutaka mchezo umnyang'anye.

"Mwenyewe anasema umuache," akasema Albertine. "Basi tumubebe?"

Plamedie alinitazama kwa muda. Najua alichokiona. Aliona mtu mzima amefungwa kamba, matope magotini, bega nje ya koti, fimbo yake inaelea katikati ya bwawa. Kisha akainama, akamtoa mpende kwa mikono miwili, akavuka nyasi, akamweka katika beseni la Mama Albertine.

"Muchukue," akasema. "Huyu iko wangu."

"Hajue hata kuvua," Dédé akamwambia, kama muuzaji mwaminifu.

"Minajua. Nitamufundisha."

Nililia. Nilitaka kujifuta, lakini mikono ilikuwa imefungwa, na wale watani hawakuharakisha kunifungua. Waliniacha nimalize kwanza. Kisha Dédé akafungua fundo, akaenda na mtumbwi wake kunichukulia fimbo, akanirudishia. Nilipotaka kuwaachia chochote cha shukrani, Mama Albertine alikataa, akasema mamba hapokei kitu kwa shemeji wa samaki, atachafuka. Tulipoingia kwenye gari walikuwa bado wanatutukana kutoka ng'ambo ya matete, na Plamedie ametoa kichwa dirishani anawarudishia. Njia nzima alinisimulia mambo ambayo yeye na mama yake walikuwa wakiyacheka.

Jumapili, baada ya misa, Mwaba akafika na mfuko wa samaki wakavu begani. Akakaa, akanywa maji, akaniuliza kwa upole wake ule ule, "Shemeji, ulimuuliza mutoto?"

"Hapana," nikasema. "Sikumuuliza."

Hakunilaumu. Akamwita Plamedie mwenyewe. Mtoto akaja, akapiga goti kumsalimia, na kabla mjomba hajasema lolote akaanza yeye.

"Mujomba, unisamehe. Nilikuvulia samaki, mupende moya mukubwa sana. Haiko tena."

"Ilienda wapi?"

"Nilikomboa nayo papa. Mamba balimukamata."

Mwaba akageuka, akanitazama vifundo vya mikono. Alama nyekundu za kamba zilikuwa bado zinaonekana, kwa sababu Dédé hafungi kwa mchezo.

"Balimukamata kabisa?"

"Na kamba," akasema Plamedie. "Balitaka akabachotee maji."

"Na weye ulilipa."

"Nililipa."

Mjomba akainamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, lakini alikuwa anacheka kimya kimya, kama wanavyocheka kwao. Alipomaliza akachukua simu, akampigia dada yake aliyekuwa ameandaa kitanda Pweto.

"Musimungoje Plamedie," akamwambia. "Atakuya ku likizo, kutusalimia. Iko na baba yake hapa. Alimukomboa yeye mwenyewe kwa banungwe, sasa lazima amuchunge."

Kisha akafungua mfuko wake, akatoa samaki, akauliza kama bukari iko motoni.

Swali lile sijamwuliza Plamedie mpaka leo. Jumamosi tunarudi bwawani, na ameniambia safari hii niiache ile fimbo nyumbani.